Moto Hautibu Kila Kitu: Usalama wa Vitafunwa na Vyakula vya Sherehe
Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera



Katika wilaya zenu, ubatizo, harusi au Idi inapowadia, kashata, maandazi na sambusa hutengenezwa nyumbani, na masufuria ya ndizi, maharage na pilau huinjikwa tangu alfajiri. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Leo tuzungumze namna ya kuhakikisha kwamba mgeni naye anarudi kwake akiwa mzima.

Wengi wetu huamini kwamba chakula kilichoiva vizuri ni salama, kwa kuwa moto huua vijidudu. Jambo hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Zipo sumu ambazo, zikishaingia katika chakula, moto wa jikoni hauziondoi. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni kashata za karanga. Karanga zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu, na aina fulani za kuvu hutengeneza sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kutokana na sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi, na 20 kati yao walifariki. Ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, huweza kusababisha saratani ya ini. Kwa hiyo, nunueni karanga nzima na kavu, kwani zilizosagwa hazichambuliki. Kabla ya kukaanga, ondoeni zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Msimpe ng'ombe mlizoziondoa, kwa sababu sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Wa pili ni wali na pilau. Mchele huweza kuwa na bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka. Wali ukiachwa upoe polepole ndani ya sufuria kubwa, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha, ambayo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Pikeni karibu na saa ya kula, kisha chakula kibaki cha moto juu ya makaa hadi kipakuliwe. Kinachobaki kitandazwe katika vyombo vipana, kipoe na kuingizwa katika jokofu ndani ya saa mbili. Asiye na jokofu apike kiasi kitakacholiwa siku hiyo.

Wa tatu ni mikono ya mpishi. Nyama ya sambusa ikishapikwa hushikwa tena wakati wa kufunga. Mtu mwenye jipu au kidonda mkononi huweza kuiachia bakteria, na nyama hiyo ikikaa nje kwa saa nyingi hupata sumu isiyoondolewa na mafuta ya moto. Mpishi huyo apewe kazi nyingine. Wengine wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, na sambusa zikaangwe mara baada ya kufungwa.

Natambua kwamba ni vigumu kumwaga sufuria ya pilau iliyopatikana kwa michango ya ndugu na majirani. Hata hivyo, chakula kilicholala nje si akiba, na kumfungia mgeni aende nacho kwa watoto wake si ukarimu. Ni heri kupika kwa awamu mbili kuliko kupika kingi mno kwa mara moja.

Watu wakitapika au kuharisha baada ya sherehe, wapelekwe mapema katika kituo cha afya, na afisa afya wa kata ajulishwe. Kutoa taarifa si kumwaibisha mwenye shughuli. Ni kuwaokoa wengine waliokula chakula hicho hicho.