Jina la Mlima Limeshatuonya

Neno kwa vijana wa Kenya na Tanzania asubuhi ya kupanda Kilimambogo

   

Wapendwa, mlima huu si Kilimanjaro. Ni mita 2,145 tu. Unapanda asubuhi, jioni uko nyumbani, ndiyo maana watu wa Nairobi na Thika wanaupenda. Na ndiyo maana tunaudharau. Lakini Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa, na sisi tunauita Kilimambogo. Mbogo mnamjua, ndiye nyati. Msitu huu ni kwake. Jina lenyewe limeshatuonya.

Niwaambie ukweli wangu. Mwaka mmoja nilipanda na kikundi cha maombi. Askari wa wanyamapori akatuambia tusiachane. Mimi nikaona tunachelewa, kisa mama mmoja mwenye goti bovu. Nikasema moyoni, wacha nitangulie nikaombe peke yangu. Nikaingia kando ya njia, nikapiga magoti. Niliposikia matawi yanavunjika, nikadhani ni Roho anashuka. Kumbe ni mbogo! Hatua kama 20 hivi.

Hakunifuata. Ni neema tu. Lakini askari alipoona sipo, aliacha kikundi akaja kunitafuta. Yaani maombi yangu yaliwaacha watu 11 msituni bila mlinzi, na yule mama akiwemo. Jamani, kilichoniliza siku ile si mbogo. Ni hilo.

Imani si kumjaribu Mungu. Bwana Yesu aliposimamishwa juu ya hekalu akaambiwa ajitupe, alikataa. Sisi ni nani?

Kwa hiyo leo, mwenye goti bovu atatangulia, na wenye mbio watafuata mwendo wake. Askari akisema simama, tunasimama, hata kama uko katikati ya pambio. Beba maji ya kutosha, na chupa tupu irudi nawe. Kwenye kaburi la McMillan, yule mlowezi aliyefariki 1925, tutapumzika. Kileleni tutaomba sote, Mkenya na Mtanzania, mkono kwa mkono.

Tukishuka tutahesabiana getini. Nataka hesabu ya jioni iwe sawa na ya asubuhi. Huo ndio ushirika.

Tusimame tuombe.