Kabla ya Kulisoma Jiwe, Pima Hewa ya Pango



Kwetu, Goma na Rutshuru, mtu akitaja pango, wengi hufikiria lava. Uso wa mto wa lava huganda, moto wa ndani ukaendelea kutiririka, mwishowe hubaki handaki tupu. Darini mwake huning'inia ncha za mawe zilizodondoka kama nta ya mshumaa. Zinapendeza, lakini hazina habari ya mvua: ziliumbika lava ikiwa bado majimaji. Anayetafuta hali ya hewa ya kale aende kwenye chokaa, katika mapango ya Mlima Hoyo, kule Ituri.

Huko, maji ya mvua hupenya kwanza kwenye udongo, yakachukua kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye mizizi na vijidudu, yakawa na uchachu wa kuyeyusha chokaa. Yakidondoka pangoni gesi hutoka, chokaa hubaki: darini stalaktiti, sakafuni stalagmiti. Maji hayo hubeba urani kidogo, wala hayabebi thori yoyote ya kutajika. Urani huzaa thori polepole ndani ya jiwe, na uwiano wao hutupa umri hadi miaka kama 500,000 iliyopita. Oksijeni ya jiwe nayo hufuata ile ya mvua; katika tropiki, penye mvua nyingi aina nzito ya oksijeni kwa kawaida hupungua.

Nasema kwa kawaida, na neno hilo lisiwapite. Mvua yetu ina asili mbili: unyevu wa Bahari ya Hindi, na ule wa Atlantiki uliopita juu ya msitu wa Kongo, ukanyesha na kupanda tena mara nyingi. Jiwe likibadilika, huenda mvua haikupungua. Huenda upepo uligeuka. Kisha liko jambo la hewa. Pango lisilopumua hujaa gesi, chokaa haigandi, na tabaka likatoka jembamba ingawa nje mvua ilikuwa ya kutosha. Asiyejua atasema ni ukame.

Ndiyo maana kipimo hutangulia nyundo. Mwaka mzima, kiangazi na masika, hupimwa joto, unyevu, gesi na kasi ya matone. Kipande cha kioo huwekwa chini ya tone ili kuona chokaa inaganda mwezi gani. Kazi hii inachosha, na anayeiruka anauza ramli.

Watu wa Goma na Rutshuru hawahitaji kufundishwa gesi nzito ni nini. Mazuku, yaani kaboni dayoksaidi ya volkano, imeua watoto na mifugo mabondeni, na hujikusanya pia katika mashimo ya lava, kwa hiyo asiingie mtu bila kipimo. Hata kwa mwanasayansi ina hila: kaboni ya volkano haina kaboni-14, ile inayotumiwa kupima umri, kwa hiyo chokaa ya chemchemi iliyoinywa huonekana ya kale kuliko ilivyo.

Kwa nini tujisumbue? Katika pango la Matupi, Mlima Hoyo, mwanaakiolojia Francis Van Noten alichimba miaka ya 1970 akakuta zana ndogo za mawe na mifupa ya wanyama wa mbuga. Leo pamezungukwa na msitu. Watu waliishi pale tangu miaka kama 40,000 iliyopita, na kwa sehemu kubwa ya muda huo msitu ulikuwa mbali. Mifupa inasema mbuga ilikuwapo. Tarehe ya msitu kurudi, na kama ulirudi polepole au ghafla, nadhani tuitafute katika stalagmiti.

Tunaweza kuanza bila pango. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hukusanya maji ya mvua ya kila mwezi duniani ili kupima oksijeni yake, Entebbe ikiwemo. Rutshuru iko chini kuliko Goma, nayo iko upande wa pili wa volkano, kwa hiyo mvua ya miji hii miwili inafaa kulinganishwa. Chupa mbili zenye kifuniko cha kuzuia mvuke, moja Goma na moja Rutshuru, wanafunzi wa jiografia wakizibadilisha kila mwisho wa mwezi: hilo ndilo ombi langu kwa chuo chetu, na lifanyike kabla ya mvua za Septemba.