Mkifika Dikoni, Ulizeni Kwanza

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi wetu wenye vigelegele, nanyi wahitimu, sitawaweka sana, harufu ya pilau hata mimi imenifikia.

Nianze na historia yetu: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikokwe, Pangani. Kwa miche hiyo sura ya Tanga ikageuka: mapori yakafyekwa, mistari ya mkonge ikanyooshwa, vibarua walioitwa manamba wakaletwa kutoka mbali. Humu ukumbini wamo wajukuu zao. Mwaka 1902 wataalamu wa Kijerumani wakafungua taasisi yao ya utafiti Amani, wakajaribu miti ya kila bara. Msizi, mgeni katika Usambara, ukapandwa huko. Ndege wakabeba mbegu, nao ukaingia msituni bila kibali cha mtu.

Wote hao walikuwa na vyeti, kama ninyi leo. Walichopungukiwa ni kumuuliza mwenyeji.

Tazameni baruti ya kuvulia samaki. Sheria iliipiga marufuku tangu 1970, lakini mshindo uliendelea kusikika, na matumbawe yakazidi kuvunjika. Mvuvi hakuhitaji semina kujua kwamba tumbawe likifa, samaki huhama. Nafuu ilianza baada ya 1994, mradi wa mwambao wa Tanga ulipokaa na vijiji, wavuvi wenyewe wakachagua miamba ya kufunga na kushiriki doria. Usimamizi ulipolegea, baruti ikarudi. Mimi hilo silihesabu kushindwa kwa wanakijiji. Ni sisi wenye ofisi tuliodhani kazi imekwisha.

Kisha akaja silikanti, samaki ambaye hadi 1938 wanasayansi walimdhani ametoweka zamani za kale. Miaka ya 2000 alianza kunaswa kwenye majarife ya Kigombe, na mwaka 2009 akatangaziwa hifadhi ya bahari. Ni heshima kubwa kwa Tanga. Ila mvuvi hana haja naye: nyama yake mafuta matupu, mnunuzi hana. Bahari ile ile ndiyo inayomlipia mwanawe ada, na wapo watoto wa wavuvi waliovaa joho leo.

Basi wahitimu, mkipangiwa kazi Pangani, Mkinga au Muheza, msianze na ripoti. Nendeni dikoni alfajiri, ngalawa zinapoingia. Amkieni wazee, "Shikamoo", kaeni, muwaulize mwamba upi ulikuwa na samaki na nini kiliuharibu. Kalamu mtaitoa baadaye.