Mtaji Nao Uchangiwe

  

Mwenyekiti, Bi Mkubwa mlezi wetu pale mbele, kina mama mliokesha jikoni mpaka ukumbi huu wa London ukanukia pilau: Mungu awazidishie. Wana Bagamoyo wenzangu, wajomba wa Dunda nawaona, shangazi zangu wa Magomeni nawaona. Mlingotini, hamjambo? Nyie hata msipotajwa mnasikika!

Ndugu zangu, nilipofika nchi hii, kilichonitesa si baridi. Ni jioni kupita bila harufu ya samaki wa kukaanga na sauti ya mnadi kule ufukweni. Mshahara wa kwanza nikamtumia mama. Nikajua atanunua kanga. Akanunua karai na dumu la mafuta, akaingia mnadani kununua samaki kwa pesa yake, bila kukopa kwa mtu. Karai lile limesomesha wadogo zangu.

Leo Mlingotini kina mama wanalima mwani, nao wanahitaji mtaji kama ule. Maji ya karibu na ufukwe yamezidi joto, mwani unakufa. Kwenye kina kirefu unastawi, lakini huko hufiki bila mashua. Ukiuuza mkavu kwa kilo, bei anapanga mnunuzi. Ukiusaga unga, ukatengeneza sabuni, bei unapanga wewe. Mashua na mashine ya kusagia, pesa yetu iende huko!

Haraka haraka, chakula kisipoe. Kwanza, makato: mwaka 2023 kutuma dola 200 Afrika kusini mwa Sahara kulikula karibu asilimia 8, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya 3 ifikapo 2030. Linganisheni kabla ya kutuma. Pili, pesa ya mtaji msiichanganye na ya matumizi. Mpeni anayefanya kazi, siyo hodari wa kupiga simu. Mengine muulizeni mweka hazina.

Sasa niwaseme kidogo, wazee mnisamehe. Harusi tunachangiana mpaka kadi zinakwisha. Ukitajwa mtaji, kila mtu anainamia simu yake! Dunda kikundi chao, Magomeni chao, Mlingotini chao. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma kwao takriban dola bilioni 4.9. Sisi mashua moja inatushinda?

Mweka hazina yuko mlangoni na daftari. Dunda, Magomeni, Mlingotini, wote ukurasa mmoja! Mashua iingie majini kabla kusi halijaanza kuvuma. Bagamoyo oyee!