Marburg Kagera: kubisha hodi kabla ya msiba

Mkoa wa Kagera, Tanzania, umekumbwa na ugonjwa wa virusi vya Marburg mara mbili: Machi 2023 wilayani Bukoba, na Januari 2025 wilayani Biharamulo. Kwanza waliugua watu 9, wakafa 6. Mara ya pili waliugua 10, hakupona hata mmoja.

Kuudhibiti ugonjwa huu vijijini ni kazi ya miguu. Kila aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21, akipimwa joto nyumbani kwake.

Biharamulo ufuatiliaji huo ulichelewa kuanza. Kati ya wagonjwa 10, wawili tu walithibitishwa na maabara. Wanane walikuwa wamekwisha kufa kabla mlipuko haujatangazwa. Ufuatiliaji huanza pale tu taarifa ya mgonjwa inapofika; ofisi ya mganga mkuu wa mkoa, basi, ipimwe kwa kasi ya taarifa kutoka zahanati za pembezoni.