MAJI NA STIMA: NDUGU WAWILI WA KAJIADO

Hotuba kwa wakazi wa Laiser Hill, Kitengela, Isinya na Kajiado



Kuna vitu viwili ambavyo kila mwenye nyumba katika pande za Laiser Hill, Kitengela na Kajiado huvitafuta kila siku ya Mungu. Cha kwanza ni maji. Cha pili ni nguvu za kupikia, za kuwasha taa na za kuendesha mitambo. Watu wengi hudhani kwamba mambo haya mawili ni mbalimbali: maji ni kazi ya kisima, na stima ni kazi ya waya. Lakini mtu akiyachungua kwa makini ataona kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Maji hufanya stima, na stima hupandisha maji. Mmoja akiugua, mwenziwe halali usingizi.

Nchi ya Kajiado ni nchi kavu tangu zamani. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, nayo huja ikipenda. Mito mingi hufurika siku chache tu, kisha hubaki mchanga mtupu. Wazee wa Kimasai waliijua tabia hiyo, ndiyo maana walihama na mifugo yao kufuata majani na maji, wala hawakung'ang'ania mahali pamoja. Lakini siku hizi mambo yamebadilika. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, wilaya zote za Kajiado zilikuwa na watu 687,312. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 1,117,840. Nyumba za mawe haziwezi kuhama kama manyatta. Watu wake wamekaa, na maji hayana budi kuwafuata walipo.

Basi na tutazame kwanza stima inayotokana na maji.

Katika mwaka wa 1968 mtambo wa Kindaruma ulianza kazi katika Mto Tana. Baadaye ulifuata wa Kamburu mwaka 1974, wa Gitaru mwaka 1978, wa Masinga mwaka 1981, na wa Kiambere mwaka 1988. Mabwawa haya yamepangwa kama ngazi. Maji yaliyozungusha mtambo wa Masinga hushuka yakazungusha wa Kamburu, kisha Gitaru, kisha Kindaruma, na mwisho Kiambere. Ni kazi ya akili sana, kwa kuwa maji yale yale hufanya kazi mara tano. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya stima ya Kenya ilitoka katika ngazi hiyo.

Lakini ngazi hiyo ina ila moja: mvua ikikosa, mitambo yote mitano huona njaa pamoja. Katika ukame wa miaka ya 1999 na 2000, stima iligawanywa kwa zamu nchini kote. Viwanda vilisimama, na ilibidi kukodi mitambo ya kuchoma mafuta kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 maji yalipungua tena hata mtambo wa Masinga ukafungwa kwa muda. Yafaa watu wa Kajiado waukumbuke mwaka huo, maana ndio mwaka ambao ng'ombe wao walikufa kwa wingi, mizoga ikalala kando ya barabara. Mfugaji aliyepoteza mifugo yake na kinyozi wa mjini aliyekaa gizani hawakujuana, wala hawakudhani kwamba wana neno moja la kuzungumza. Hata hivyo waliopigwa walikuwa wawili, na fimbo ilikuwa moja.

Tena maji ya bwawa yana wenyewe wengi. Mtu wa Nairobi huyataka yawe taa. Mkulima wa Hola na Bura huyataka shambani. Mfugaji na mvuvi wa chini, karibu na bahari, hutaka mto ufurike kwa majira yake ili majani yaote na samaki wazae. Maji yakizuiliwa juu ili yangoje saa za stima, wa chini hulia. Yakifunguliwa ovyo, wa juu hukaa gizani. Hapo ndipo penye kazi ya mizani, na mizani haitaki mtu wa pupa.

Jambo la pili ni makaa. Familia nyingi hupikia makaa au kuni, na gunia la makaa ni mti uliokatwa mahali fulani. Kilima kikikatwa miti, mvua hainywewi tena na ardhi. Huteremka kwa nguvu ikichukua udongo. Udongo huo hujaza silanga la kijiji hata likawa uwanja wa vumbi. Na huko Tana, udongo wa milima iliyo wazi umekuwa ukiingia Masinga mwaka baada ya mwaka, ukipunguza nafasi ya maji. Kwa hiyo mchoma makaa hupunguza maji ya ng'ombe wake mwenyewe, na mwenziwe wa bonde la Tana hupunguza stima ya watu asiowajua. Lakini haifai kumlaumu tu, maana mara nyingi huchoma makaa kwa sababu ukame umemwondolea ng'ombe. Dawa yake si kumkemea, bali kumpatia njia nyingine ya kula.

Jambo la tatu ni lenye furaha: ziko nguvu zisizokunywa maji, nazo nyingine zimo Kajiado yenyewe. Katika vilima vya Ngong, mitambo miwili ya upepo ilisimamishwa mwaka 1993, na baadaye mingine mingi ikaongezwa. Huko Kipeto, mitambo 60 ya upepo ilianza kazi mwaka 2021, yenye nguvu za megawati 100, na stima yake hupelekwa Isinya kuunganishwa na waya za nchi. Mitambo hiyo imesimama juu ya mashamba ya Wamasai, ambao hulipwa kwa ardhi yao, na ng'ombe huendelea kulisha chini yake. Haikosi ila, maana mapanga yake yaweza kuua tai, nao ni ndege wenye faida kubwa kwa kula mizoga. Kwa ajili hiyo wamewekwa watu wa kuwachunga ndege hao. Lakini haihitaji bwawa, wala haingoji mvua.

Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa chini ya ardhi umekuwa ukifanya stima tangu mwaka 1981. Kazi ya kutoboa visima vya mvuke hutaka maji ya ziwa. Lakini mtambo ukiisha kuanza, sehemu kubwa ya kazi yake hutegemea mvuke wake wenyewe, na maji yaliyotumika hurudishwa chini ya ardhi. Mvuke umekwisha kuupita Mto Tana kwa wingi wa stima. Kwa njia hiyo kila upepo uvumao Kipeto na kila mvuke upandao Olkaria huacha maji fulani yapumzike katika bwawa la Masinga, yakingoja siku ya haja.

Sasa turudi nyumbani, penye hatari ambayo watu wengi hawajaiona.

Katika Kitengela na vitongoji vyake, watu wengi hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, na maji huuzwa kwa malori, kwa mikokoteni ya punda na kwa mitungi ya lita 20. Zamani pampu iliendeshwa kwa dizeli au stima ya kulipia, na gharama hiyo ilikuwa kama mlinzi mlangoni: mwenye kisima alipiga maji ya kutosha, kisha akazima. Siku hizi kuna pampu za sola. Jua halina bili. Hilo ni jambo jema kabisa, lakini yule mlinzi ameondoka. Mtu huacha pampu ikinguruma tangu asubuhi hata jioni, tangi likimwagika, akisema, "Kwani nalipa nini?" Analipa, ila hajaletewa hesabu. Maji ya chini ni akiba iliyowekwa na mvua za miaka mingi. Yakivutwa kuliko yanavyorudi, kina hushuka, na jirani mwenye kisima kifupi ndiye wa kwanza kuvuta hewa. Ndiyo sababu sheria ya maji ya mwaka 2016 yataka mtu apate kibali kabla ya kuchimba na kuvuta. Kibali si karatasi ya kusumbua watu. Ni njia ya kuhesabu majani mangapi ya kunywea yamo katika kikombe kimoja.

Na kwa yule anayetumia stima ya kulipia, iko hesabu rahisi. Kupandisha lita 1,000 za maji kutoka kina cha mita 200 hula karibu yuniti moja ya stima. Tuseme bomba la plot moja lavuja, likamwaga mtungi mmoja wa lita 20 kila saa. Kwa siku ni lita 480. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 14,400. Hizo ni zaidi ya yuniti 14 zilizomwagwa mchangani pamoja na maji yake, na mwenye plot huiona ile bili akamlaumu mpangaji kwa pasi na taa. Basi anayeziba bomba ameokoa vitu viwili kwa kazi moja.

Kinyume chake, paa la bati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, likinyeshewa milimita 20 tu za mvua, hupokea lita 1,200. Hata kama nyingine zitapotea, mwenye nyumba aliyeweka mifereji na tangi atapata kama lita 1,000, yaani mitungi 50, bila pampu na bila punda. Tena maji ya mvua hayana ile chumvi ya floraidi iliyomo katika visima vingi vya nchi hii, ambayo huwatia watoto meno ya kahawia.

Mwisho, upo mfano wa Kiserian. Katika machinjio ya Keekonyokie, damu na taka za ng'ombe, ambazo zingeweza kuharibu mto, zilianza kugeuzwa kuwa gesi ya kupikia na ya kuendesha mitambo. Hapo taka imekuwa moto, mto umepona, na mti umesalia. Mfugaji wa kawaida naye aweza kutumia samadi ya bomani kwa njia hiyo. Lakini akumbuke kwamba ndoo ya samadi huchanganywa na karibu ndoo moja ya maji. Asiye na maji ya kutosha aanze na tangi la mvua, ndipo ajenge shimo la gesi. Kila nguvu ina kiu yake, na mwenye busara huuliza kiu hiyo kabla ya kununua mtambo.

Kwa hiyo, wasikilizaji, neno si kuchagua maji au stima. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na hakuna mji unaoweza kuinuka gizani. Neno ni kupima. Wakubwa wapime mabwawa, upepo na mvuke. Wenye visima wapime kina cha maji yao kila mwezi na kukiandika daftarini. Mama na baba wa nyumba wazibe mabomba, wategeshe mapaa yao mvua, na kuuacha mti usimame. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho hicho, kikitobolewa tundu dogo, haba na haba humalizika. Siku kisima kitakapokauka, jua litawaka kama kawaida na pampu itanguruma kama kawaida, ila mtungi utabaki mtupu.