Kelele za Mlango wa Nyuma wa Gari

Maneno yangu ya leo ni kwa wenye magari, na kwa madereva waendeshao magari ya watu, hasa yale ambayo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu, kama Hiace tunazopanda kila siku, au Probox iliyoanza kutengenezwa na Toyota mwaka 2002. Gari la namna hii likizoea barabara za changarawe zilizofanya mawimbi-mawimbi, haliachi siku moja kuanza kugonga nyuma. Wengi huichukia kelele hiyo kwa kuwa yaudhi masikio. Lakini iko sababu kubwa zaidi ya kuitafuta, nayo yataka kufahamika kwanza.

Gari likienda hupasua hewa mbele, na nyuma yake huacha mahali penye hewa hafifu. Mahali hapo huvuta kila kilicho karibu, ndiyo maana vumbi hujaa sana katika kioo cha nyuma. Basi mlango usiposhika sawasawa, vumbi huingia ndani, na moshi wa injini waweza kuingia pamoja nalo. Katika moshi huo imo hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu aivutaye huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hushikwa na usingizi; nayo ikizidi humwua. Tena mlango uliolegea waweza kufunguka njiani, mzigo ukamwagika mbele ya gari lifuatalo. Kwa hiyo kelele ni mjumbe, na si vema kumnyamazisha mjumbe kabla ya kumsikiliza. Mwenye kufunga mlango kwa kipande cha mpira wa baiskeli amenyamazisha kelele, lakini hatari ameiacha palepale.

Sasa tuitafute. Msianze kwa kushika bisibisi. Toeni kwanza kila kitu kilichomo nyuma: jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba, chupa na kamba. Mara nyingi mlango hushitakiwa kwa kosa la jeki. Angalieni pia kibao cha namba, na vifungo vya mikanda ya kiti cha nyuma, maana chuma chake hupiga plastiki ya ukutani. Kisha endesheni katika barabara ileile, kwa mwendo uleule. Dereva atazame mbele; kazi ya kusikiliza ni ya mwenziwe, aliyekaa kiti cha nyuma na kufunga mkanda. Asilale mtu mahali pa mizigo kwa ajili ya kusikiliza.

Sauti zenyewe hutofautiana. Kishindo kizito kila gari linapoingia shimoni ni dalili kwamba mlango mzima wachezacheza katika kitasa chake. Mlio mwembamba wa haraka hutoka katika kitu chepesi: kibao cha namba, waya, au ubao wa plastiki ulio upande wa ndani wa mlango. Na mlio kama wa panya hutokana na mpira mkavu usuguao rangi ya bodi.

Gari likiisha simama, fungeni mlango, mkaushike kwa mikono miwili na kuutikisa. Ukicheza wote, tazameni mambo matatu. La kwanza ni kitasa. Ulimi wake huuma chuma kilichopindwa, kilichokazwa kwa boliti katika bodi. Zungusheni chuma hicho mkunjo mmoja wa utepe wa kitambaa, hakikisheni kuwa mlango bado wafunga barabara, mkaendeshe tena. Kelele ikipungua, mmekwisha kuijua asili yake. Utepe huo ni wa kupimia tu, si dawa, kwani utakatika upesi, uondoeni.

La pili ni vifundo vya mpira vilivyo pembeni, kulia na kushoto, ambavyo kazi yake ni kuupokea mlango unapofungwa. Katika magari mengi huzungushwa kama skrubu, vikatoka au vikaingia. Vitoeni kidogo kidogo, pande zote mbili sawasawa, mpaka mlango uvikandamize vema nao ufunge bila kubamizwa. Vilivyokatika vinunuliwe vipya. Bei yake si kubwa. Kelele ikibaki, chukueni penseli, mkachore mstari kukizunguka kile chuma cha kitasa, ili mjue kilipokuwa. Legezeni boliti zake, mkisogeze ndani kadiri ya milimita 1, mkaze tena.

La tatu ni bawaba. Fungueni mlango nusu, mkauinue na kuushusha. Boliti zikiwa zimelegea, zikazeni; pini ikiwa imeliwa, mpelekeeni fundi. Na ile mikono ya gesi ishikayo mlango juu isitolewe kabla mlango haujategemezwa kwa mti imara, wala isitobolewe wala kutiwa motoni, maana gesi iliyomo imeshindiliwa kwa nguvu nyingi.

Baada ya hayo upimeni mpira uzungukao mlango. Wekeni kipande cha karatasi juu yake, fungeni mlango, mkaivute karatasi. Ikishikwa, ni vema. Ikitoka bila upinzani, hapo ndipo penye mwanya. Fanyeni hivyo kila baada ya sentimita 20, kuzunguka mlango wote. Mpira wenye vumbi uoshwe kwa maji na sabuni. Uliopasuka au kulala ubadilishwe.

Kama mlango hauchezi na mlio mwembamba ungaliko, upigeni ubao wa ndani polepole kwa ngumi, mahali mahali, mpaka usikie mlio uleule. Huwa ni kibanio kilichovunjika, au waya ulioachwa huru. Badilisheni kibanio, fungeni waya, na penye kusuguana gundisheni kitambaa kinene. Lakini msiyazibe matundu madogo yaliyo chini ya mlango, kwani ndiko maji ya mvua yatokako. Yakizibwa, mlango huliwa na kutu.

Shauri langu la mwisho ni hili: tengenezeni jambo moja, mkaendeshe, ndipo mwende kwa la pili. Atengenezaye matano kwa mara moja hajui ni lipi lililomponya, na kelele ikirudi ataanza upya. Na abiria wakiumwa kichwa safarini, simamisheni gari mara moja, washuke wapate hewa safi. Kisha lisibebe watu tena mpaka mlango na bomba la moshi vimekaguliwa vyote viwili.